Jicho Kabla ya Mguu

Hapa Mambrui vijana wangu hucheza maji yakipwa. Mchanga uliolowa huwa mgumu, magoli ni vijiti viwili, na wanne hucheza na wanne. Mzazi mmoja aliniuliza, "Kocha, mbona huwapangi mstari wakazunguka koni kama timu za mjini?" Namjibu hapa, maana swali lake ni la wengi.

Kuna michezo ambayo mtu aweza kujifunza peke yake. Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 huko Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mrusho wa mita 92.72. Namheshimu sana. Lakini mkuki humngoja mwenyewe. Hakuna anayekuja kumnyang'anya. Kiungo wa kandanda hana nafasi hiyo. Mpira ukimfikia, mlinzi naye keshafika, na asiyekuwa ameamua amechelewa. Na uamuzi huo huanza na jicho.

Mtafiti Bruce Abernethy wa Australia, katika miaka ya 1980, aliwaonyesha wachezaji wa badminton filamu zilizokatwa kabla kimpira cha manyoya hakijapigwa, akawauliza kitaangukia wapi. Mabingwa walikisia vizuri zaidi. Wanagenzi waliifuata raketi tu, ilhali mabingwa waliusoma na mkono ulioishika. Geir Jordet wa Norway naye alichunguza viungo wa ligi kuu ya Uingereza: waliogeuza kichwa mara nyingi kabla ya kupokea mpira ndio waliofikisha pasi zaidi.

Koni haikabi wala haihadai. Kijana aizunguke mwaka mzima, hatajifunza kumsoma mtu. Katika mchezo wa wanne kwa wanne, kila mguso una adui na mwenza anayeomba mpira, na hapo ndipo jicho hufunzwa.

Jioni tukikaa barazani tunatazama mechi kwenye simu. Pasi ikikaribia kutoka, nasimamisha. "Mpira unaenda wapi?" Kijana akijibu, namuuliza tena, "Umeona nini?" Hilo la pili ndilo ninalolijali. Juzi mmoja alisema, "Kocha, beki amegeuza kiuno nje, ndani kuko wazi." Nilifurahi kuliko siku aliyofunga bao. Lakini simu peke yake haitoshi; kesho yake lazima akaone hivyo hivyo huku anakimbia.

Makocha wenzangu wa Gongoni, Marereni na Malindi, tuache kupiga kelele za "Piga! Toa!" kutoka pembeni. Tuwaache vijana waamue wenyewe, kisha tuwaulize walichoona.