Dozi Inayomfuata Mtoto: Tiba ya Selimundu Kanda ya Ziwa

Maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza, hupokea vikaratasi vya damu iliyokauka kutoka zahanati na vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa. Ni damu ya watoto wachanga waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI, nayo huletwa ili ijulikane mapema kama mtoto ameambukizwa. Jibu likishatoka, kikaratasi kimemaliza kazi yake. Watafiti wa Bugando waliona kwamba bado kina jambo jingine la kusema: je, mtoto huyu ana selimundu? Wakapima sampuli 17,200, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Asilimia 20.3 ya watoto hao walikuwa wamerithi jeni moja ya selimundu, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Mtoto mmoja katika kila watano, basi, anabeba jeni hiyo. Hiyo haishangazi kwa anayejua historia ya Ziwa Victoria na mbu wake. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa makabila ya Afrika Mashariki. Aliona kwamba wabebaji wa jeni walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache mno kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya jeni ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria. Anayerithi jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni ikadumu vizazi na vizazi. Anayerithi mbili, kwa baba na kwa mama, ndiye anayelipa gharama.

Gharama hiyo inatokana na badiliko dogo mno. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, nafasi ya sita, asidi ya glutamiki imepisha asidi amino nyingine iitwayo valini. Basi. Lakini himoglobini ya namna hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana na kujipanga nyuzinyuzi, chembe nyekundu ikakakamaa na kupinda. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi; hii huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Kwa hiyo mtoto anaishiwa damu mara kwa mara, vidole vinavimba, mifupa inauma hadi analia usiku kucha, na bandama inaharibika mapema kiasi kwamba vijidudu ambavyo mwenzake angevishinda vinaweza kumwua.

Kuna dhara jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi hadi limetokea, nalo ni kiharusi. Mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo hupungua upana taratibu, bila maumivu. Pasipo tiba, takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye aina kali ya selimundu hupata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20. Anaweza kuamka asubuhi mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. Na mwenye kiharusi cha kwanza yuko katika hatari kubwa ya kupata cha pili.

Hatari hii inaonekana kabla haijafika. Damu inayopita kwenye mshipa uliobanwa hukimbia, na mbio zake zinapimika kwa mawimbi ya sauti kupitia mfupa mwembamba wa panja. Kipimo hiki cha Doppler hakichomi wala hakina mionzi. Ni kazi ya Robert Adams na wenzake wa Marekani katika miaka ya 1990 iliyotupatia namba tunazozitumia. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida, 170 hadi 199 ni ya kuangaliwa kwa karibu, na 200 au zaidi ni hatari: mtoto mmoja kati ya kumi wa kundi hilo atapata kiharusi ndani ya mwaka. Utafiti wao wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kumwongezea damu mtoto huyo kila mwezi kunapunguza hatari kwa asilimia 92.

Kila mwezi, kwa miaka. Anayeijua benki ya damu ya hospitali yoyote ya Kanda ya Ziwa katika msimu wa malaria anajua kwamba hilo haliwezekani kwa watoto wote wanaolihitaji. Hapo ndipo timu ya Bugando, ikiongozwa na daktari wa watoto Emmanuela Ambrose pamoja na Luke Smart wa Hospitali ya Watoto ya Cincinnati, Marekani, ilipoanzisha mradi wa SPHERE. Watoto takriban 200 wa umri wa miaka 2 hadi 16 walipimwa kwa Doppler hapo Bugando, na waliokutwa na mwendo wa damu wa kuanzia 170 wakaanzishiwa dawa iitwayo haidroksiyurea, dozi ikipandishwa hatua kwa hatua. Tafiti zilizotangulia huko Jamaika na Jamhuri ya Dominika zilikuwa zimeonyesha kwamba dawa hiyo hushusha mbio za damu kichwani.

Dawa yenyewe si ngeni. Wakemia wa Ujerumani waliitengeneza mwaka 1869, ikakaa karibu karne nzima bila kazi ya maana, kisha ikatumika kwa saratani za damu. Kwa selimundu ina sifa ya pekee: huuamsha mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kitoto, ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Himoglobini hiyo haikubali kushikamana na ya selimundu, na ndiyo sababu mtoto mwenye ugonjwa huu huonekana mzima kabisa miezi ya mwanzo, kabla haijapungua. Mwaka 1995 ilithibitika Marekani kwamba kwa watu wazima inapunguza vipindi vya maumivu karibu kwa nusu.

Afrika ilichelewa kuipata kwa sababu ya hofu: ingepunguza chembe nyeupe, na mtoto wa mazingira ya malaria angedhurika zaidi. Swali lilikuwa la haki, na jibu lilipatikana hapahapa barani. Utafiti wa REACH uliwahusisha watoto zaidi ya 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ukachapishwa mwaka 2019. Maumivu yalishuka kutoka vipindi 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya mgonjwa. Malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Malaria ilipungua, kinyume cha hofu yote. Mzazi anayesoma kwenye boksi kwamba hii ni dawa ya saratani, akaogopa kumpa mwanawe, anastahili kuelezwa namba hizi kwa upole na kwa muda wa kutosha.

Ukisikia habari za tiba inayolenga mgonjwa mmojammoja, kwa kawaida unaletewa picha ya mashine za kusoma jeni na dawa za mamilioni. Katika maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ala za neva za ubongo na uti wa mgongo, madaktari wa Ulaya na Marekani wana dawa zaidi ya kumi, na utafiti wao mwingi unatafuta ipi imfae nani. Kwa selimundu pia yapo ya juu: tangu mwishoni mwa 2023 kuna tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani, inayogharimu dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Mtoto wa Sengerema ana dawa moja. Tunachoweza kumchagulia ni kiasi chake.

Na kiasi si jambo dogo. Watoto wawili wenye uzito uleule wakimeza kapsuli ileile, damu zao hazitaipokea sawa. Mmoja tumbo lake linaifyonza upesi. Mwingine figo zake, ambazo katika selimundu huchuja kwa kasi isiyo ya kawaida, zinaitoa kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana huanzishwa na miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, kisha hupandishwa kidogokidogo, mara nyingi kila baada ya wiki nane, bila kuzidi 35. Mwongozo ni kipimo cha damu. Daktari hutazama neutrofili, aina ya chembe nyeupe, akitaka zishuke kiasi bila kuporomoka. Hutazama chembe sahani na wingi wa damu. Zikiwa juu, dozi inapanda. Zikishuka mno, dawa inasimamishwa hadi zirudi, kisha inaanza kwa kiwango cha chini yake. Kwa mwendo huo kila mtoto hufikia kiwango cha juu ambacho mwili wake unakistahimili, nacho ni chake peke yake.

Je, kazi hiyo yote ina faida kuliko kumpa kila mmoja dozi moja isiyobadilika? Jibu lilitoka upande wa pili wa ziwa hilihili. Huko Kampala, watafiti wakiwemo Robert Opoka na Chandy John waliwagawa watoto 187 makundi mawili: wengine walibaki kwenye miligramu 20 kwa kilo, wengine wakapandishwa hadi wastani wa karibu 30. Mwaka 2020 walieleza kwamba asilimia 86 ya waliopandishwa walifikia lengo la damu, dhidi ya asilimia 37 ya wenzao, na madhara hayakuongezeka. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno.

Haki inanitaka niutaje pia utafiti wa kaskazini mwa Nigeria, uliowalinganisha watoto 220 wenye hatari kubwa ya kiharusi, wengine kwa miligramu 10 na wengine kwa 20. Katika kuzuia kiharusi chenyewe, tofauti ya makundi hayo haikuthibitika. Wapo wanaosoma matokeo hayo wakasema: basi tuwape wote 10, gharama ipungue na vipimo vya damu vipungue. Naielewa hoja yao, na pale ambapo hakuna maabara kabisa, 10 ni bora mara nyingi kuliko sifuri. Lakini siikubali kuwa kituo cha mwisho. Mtoto wa selimundu hasumbuliwi na kiharusi peke yake. Anasumbuliwa na maumivu, na upungufu wa damu, na siku za shule zinazopotea wodini, na kwenye hayo Kampala imetuonyesha kwamba dozi iliyopandishwa inampa zaidi.

Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani, watafiti wamekuwa wakijaribu njia ya mkato. Mtoto anapomeza dozi ya kwanza, damu kidogo huchukuliwa mara chache ndani ya saa tatu hivi. Programu ya kompyuta hukokotoa mwili wake unavyoipokea na kuitoa dawa, kisha hupendekeza dozi yake tangu siku ya kwanza badala ya kuitafuta kwa miezi. Njia hiyo ilijaribiwa kwanza Cincinnati kwa watoto 50. Dozi za kuanzia zilikuwa wastani wa miligramu 27 hivi kwa kilo, na baada ya mwaka himoglobini ya kitoto ilipita asilimia 30. Ikifanikiwa Jinja, Mwanza haiko mbali.

Hata hivyo kompyuta haiondoi haja ya kurudi kliniki, na kurudi ndiko kunakotushinda. Anayetoka Nansio, kisiwani, anategemea meli. Wa Geita na Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wasisubiri tena kivuko, lakini nauli na siku nzima ya kazi bado ni zao. Mimi naona pesa za selimundu zingeanzia kwenye mashine za picha kamili ya damu katika hospitali za wilaya, zikiwa na vitendanishi vyake mwaka mzima, ili mtoto apimwe karibu na kwao na majibu yatumwe Bugando. Mashine iliyokosa vitendanishi inamlazimisha daktari kukisia, na daktari anayekisia, kwa usalama, huiacha dozi chini.

Tena dozi hushuka yenyewe hata pasipo mtu kuigusa. Kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500 na haigawanyiki, kwa hiyo hupangwa kwa wiki. Mtoto wa kilo 15 akipewa kapsuli nne kwa wiki anapata miligramu 19 hivi kwa kilo kila siku. Akifikishwa kwenye sita, anapata karibu 29. Sasa chukua yule wa nne. Dawa imempenda, anakula, anacheza, anakua. Miaka miwili baadaye ana kilo 19, na cheti kinarudiwa vilevile: kapsuli nne. Hapo amebaki na miligramu 15 kwa kilo, maumivu yanaanza kurudi, na nyumbani wanasema dawa imeacha kufanya kazi. Mzazi, kabla cheti hakijaandikwa, omba mtoto apandishwe kwenye mizani, kisha muulize daktari mambo mawili: neutrofili zake ni ngapi leo, na dozi hii ni miligramu ngapi kwa kilo aliyonayo sasa.