18 ya Karonga na 18 ya Tukuyu

Mwambie mzazi wa Tukuyu kwamba mwanawe amepata pointi 18 kidato cha nne, ataelewa papo hapo: ni daraja la pili, tena la juu kabisa, la kwanza limemponyoka kwa pointi moja. Atashangilia huku akiisikitikia ile moja. Mwambie mzazi wa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe nchini Malawi, habari hiyohiyo. Naye atashangilia, ila hesabu inayopita kichwani mwake ni nyingine kabisa.

Namba hiyo imenikaa moyoni tangu nilipoisikia katika steshenari moja ya Tukuyu, siku ambayo mvua ilipiga bati mpaka mwenye duka akawa anapaza sauti kuuliza nani anatoa kopi za rangi. Nilikuwa nimepanda Rungwe kufuatilia bei ya majani mabichi ya chai. Mwanamke aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa anaskani vyeti vyake. Kijana wa dukani akavitazama na kumwambia, kwa nia njema kabisa: "Madam, hapa hawajaweka alama. Wameweka namba tu." Yule mama akamjibu kwa upole kwamba hizo namba ndizo alama zenyewe. Habari ya chai nikaiacha isubiri.

Mama huyo ni mwalimu wa hisabati. Aliomba nisimtaje jina kwa kuwa maombi yake bado yako mikononi mwa watu. Kazaliwa Rungwe kwa wazazi Wanyakyusa. Akiwa mdogo alichukuliwa na mama yake mkubwa aliyeolewa Karonga, akasoma huko tangu darasa la kwanza hadi sekondari, kisha akapata shahada ya ualimu Mzuzu na kufundisha miaka kadhaa Malawi. Amerudi kwa sababu baba yake amezeeka na shamba la migomba limekosa mtu. Ni Mtanzania mwenye namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Hadaiwi kibali cha kuishi wala cha kufanya kazi. Anachotafuta ni ruhusa ya kusimama mbele ya darasa, kwa mara ya kwanza, katika nchi aliyozaliwa.

Ruhusa hiyo si jambo la hiari. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 haimruhusu mtu kufundisha shuleni, iwe ya serikali au binafsi, bila kusajiliwa kuwa mwalimu au kupewa leseni ya kufundisha. Sheria nyingine ya mwaka 2018 ikaunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Kwa aliyesoma nje kuna hatua zinazotangulia: vyeti vya sekondari vinapelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kufanyiwa ulinganifu, na shahada inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itambuliwe. Hapo ndipo pointi 18 alizopata Malawi zilipokwama, angalau katika mawazo yake.

Tulihamia mgahawa wa jirani, tukaagiza chai ya maziwa. Akageuza bahasha ya kaki na kuanza kuandika mgongoni kwake, na nikaona jinsi anavyofundisha: anaandika kidogo, anasimama, anakutazama usoni kuhakikisha mko pamoja, ndipo anaendelea.

"Malawi kila somo lina ngazi tisa," alisema. "1 na 2 ni ufaulu wa juu kabisa. 3 mpaka 6 ni ufaulu mzuri. 7 na 8 umepita tu. 9 umefeli. Wanachukua masomo sita uliyofanya vizuri zaidi, Kiingereza lazima kiwemo, wanajumlisha. Aliyepata 1 kila mahali ana pointi 6. Huyo hana wa kumzidi."

Akachora mstari katikati ya bahasha. Upande wa pili akaandika A, B, C, D, F, na chini yake 1, 2, 3, 4, 5. "Ninyi mnachukua saba. Kwa hiyo aliye juu kabisa ana 7. Daraja la kwanza linaishia 17, la pili linaanza 18. Sasa chukua 18 yangu. Igawe kwa masomo sita, ni 3 kwa kila somo. Chukua 18 ya binti wa hapa. Igawe kwa saba, ni mbili na nusu na kidogo, yuko kati ya B na C. Niambie, ile 3 yangu ni C?"

Nilitaka kusema ndiyo, kwa sababu 3 ni 3. Akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. 3 yake ni ya tatu katika ngazi tisa. C ni ya tatu katika ngazi tano. Tena C yetu ni pana. Inaanzia alama 45 na kuishia 64, kwa hiyo mtoto aliyepata 46 na mwenzake aliyepata 63 wanabeba herufi ileile maisha yao yote. Kwa Wamalawi, ule ufaulu mzuri peke yake umegawanywa mara nne: 3, 4, 5, 6. Na 6 katika cheti chetu haipo kabisa. Mtu wa Tukuyu akiiona anadhani ni zaidi ya kufeli.

"Ni kama ndizi," alisema. "Huku unauza kwa mkungu, kule wanauza kwa kilo. Ndizi ni zilezile, lakini mnunuzi hawezi kukubali bei mpaka mtu apime. Mimi sikatai kupimwa. Ninachotaka kujua ni mzani upi."

Nimeendelea kuifikiria bahasha ile hata baada ya kuondoka. Si kwamba mfumo mmoja ni bora kuliko mwingine. Ni kwamba mifumo yote miwili inahesabu kwa kushuka, namba ndogo ndiyo heri, na kwa sababu hiyo inafanana vya kutosha kumdanganya anayesoma kwa haraka. Kama Malawi ingetumia asilimia, mkuu wa shule yeyote angejua kwamba anahitaji msaada kuelewa. Kwa 18, kila mtu anadhani ameshaelewa.

Halafu kuna kisanduku. Katika fomu moja ya mtandaoni aliyotakiwa kuijaza, kuna nafasi ya namba ya mtihani wa kidato cha sita, na pembeni yake nyota nyekundu kuonyesha kwamba ni lazima. Malawi hawana kidato cha sita. Wanasoma miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, kisha minne ya chuo kikuu. Sisi tumezoea saba, minne, miwili, na mitatu ya shahada. Akaiandika mifumo hiyo miwili kwenye bahasha, mmoja juu ya mwingine, akajumlisha: 16 na 16.

"Miaka ni ileile," alisema. "Mwaka mmoja tuliupata msingi, mmoja tuliupata chuo. Lakini kisanduku hakiulizi nimesoma miaka mingapi. Kinauliza kidato cha sita kiko wapi."

Aliandika kwamba haimhusu, fomu ikakataa. Akaweka sifuri, ikakataa. Akapiga simu, na dada aliyepokea akamsaidia kwa adabu, akampa njia ya kupeleka maelezo yake kwa barua. Anamshukuru hadi leo. Kuna pia suala la majina. Vyeti vyake vya Malawi vina majina mawili, kama ilivyo kawaida ya huko, wakati usajili wake wa NIDA una matatu. Akaenda kwa wakili, akala kiapo kwamba mwenye mawili na mwenye matatu ni mtu mmoja. Jina la ukoo linaanza na Mwa-, kama yalivyo majina mengi pande zote mbili za mto, na hilo halikumletea shida popote.

Ukali huu wa kukagua vyeti una sababu, na mwalimu mwenyewe alinikumbusha kabla sijauliza. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wapo waliofundishwa na watu wa namna hiyo. "Afisa anayekataa karatasi asiyoielewa anawalinda watoto," alisema. "Mimi nikiwa mzazi ningemtaka awe hivyo." Alilisema bila uchungu, nami nikaona aibu kidogo kwa hasira niliyokuwa nayo kwa niaba yake.

Lakini Rungwe si mahali pa kushangazwa na mwalimu aliyefunzwa ng'ambo. Mpaka wa Songwe ulichorwa na Wajerumani na Waingereza katika mkataba wa 1890, ukawakata watu wa lugha zinazosikilizana pande mbili. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin wakafika kutoka Ujerumani na kuanzisha shule. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, misheni ya Waskoti ya Livingstonia, yenye chuo chake Khondowe katika Nyasaland, ndiyo iliyozitunza shule na makanisa ya huku mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi miaka ya 1920. Walimu walivuka mto wakija kufundisha. Mwalimu wangu aliijua habari hiyo kwa bibi yake wa Karonga, si kwa kitabu.

Mitihani nayo haikuwa ya kila nchi peke yake tangu mwanzo. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na NECTA ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Uamuzi ule ulikuwa wa heshima: nchi huru itunge mtihani wake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, nchi za SADC zilitia saini itifaki ya elimu na mafunzo iliyokusudia, pamoja na mengine, vyeti vya nchi moja vieleweke katika nyingine. Ilisainiwa Blantyre, Malawi. Kwa nini basi mwalimu wa mwaka huu bado anabeba bahasha ya kujieleza? Na sisi wenyewe tunabadilika: sera mpya ya elimu inaleta miaka 10 ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto wa Tukuyu atakayepitia njia hiyo, siku akivuka mpaka wa Kasumulu kwenda kufundisha Malawi, nani atamweleza afisa wa upande wa pili kwamba darasa la saba halijapotea?

Nilimuuliza ni swali gani hajaulizwa tangu aanze. Alifikiri kwa muda mrefu.

"Hakuna aliyeniuliza nafundishaje sehemu," alisema. Alimaanisha nusu, robo, theluthi. "Mtoto akikosa sehemu kwenye shule ya msingi, aljebra ya kidato cha pili haipandi. Mimi naanza na kukunja karatasi. Wengine wanaanza na kanuni. Ningependa mtu anibishie juu ya hilo."

Angekuwa amesoma Chuo cha Ualimu Mpuguso, hapohapo Rungwe, hakuna namba wala kisanduku ambacho kingehitaji maelezo. Kuna shule binafsi inayomsubiri. Mkuu wake amemwambia waziwazi kwamba hawezi kumpa kipindi hata kimoja kabla karatasi hazijakamilika, na amefanya vizuri kusema hivyo. Nafasi ni ya kidato cha kwanza na cha pili. Muhula unafunguliwa Januari, na mkuu anataka kupanga ratiba kabla watoto hawajafunga shule. Barua ya ulinganifu ikichelewa, atatafuta mwalimu mwingine wa hisabati, na walimu wa hisabati si wengi.

Kwa sasa jioni anawasaidia watoto wa kaka yake kazi za shule, na wa jirani wawili wamejiunga. Wanakunja karatasi. Asubuhi yuko kwenye migomba na baba yake, na simu iko mfukoni, imewashwa.