Kompyuta kwa Kila Mwanafunzi: Mzigo ni wa Nani?



Kompyuta mpakato ni chombo cha kazi, na kila chombo kina masharti yake. Mwaka 2008 Rwanda ilianza kugawa kompyuta ndogo za XO katika shule za msingi, zikapita 200,000. Kenya iliahidi mwaka 2013 kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 zikatolewa tableti, zaidi ya milioni 1, lakini za kutumiwa shuleni, si za kwenda nazo nyumbani. Ilibidi kwanza shule nyingi zivutiwe umeme.

Kwetu pia, toka Palma hadi Mocímboa da Praia, ambako vita vilivyoanza Oktoba 2017 vilifunga na kuharibu shule, darasa na umeme vitangulie. Mwalimu afunzwe ndani ya saa zake za kazi. Fundi awe karibu. Programu zikiwa za Kireno, mtoto anayesema Kimwani au Kimakonde aelezwe kwa lugha yake. Na mashine ikiharibika nyumbani, gharama asibebeshwe mzazi mvuvi wala mwalimu. Hayo yaandikwe kwanza. Kompyuta zipokelewe baadaye.