Redio za Habari Mjini New York: Siku ya Msiba Ndipo Zinapotafutwa

Mtu akiambiwa kwamba iko stesheni ya redio inayotoa habari tupu, mchana na usiku, pasipo nyimbo wala hadithi wala michezo ya kuigiza, hapana budi atauliza ni nani awezaye kuketi siku nzima na kuisikiliza. Jibu ni kwamba hayuko. Wenye stesheni za namna hiyo walilijua jambo hilo tangu mwanzo, wala hawakukusudia mtu aketi. Walikusudia afungue redio anapovaa nguo zake asubuhi, asikie hali ya hewa, hali ya barabara na mambo makubwa yaliyotukia usiku, kisha aifunge aende kazini.

Katika mji wa New York, kule Marekani, kazi hiyo ilianzwa na stesheni iitwayo WINS tarehe 19 Aprili 1965. Kabla ya siku hiyo stesheni hiyo ilijulikana kwa muziki wa vijana, na wenyewe walikuwa kampuni ya Westinghouse, ambayo jina lake lilijulikana zaidi kwa mitambo ya umeme. Hawakuwa wa kwanza kabisa kulifikiri jambo hilo, kwa maana lilikuwa limejaribiwa Chicago, na pia katika mji wa Tijuana ulioko Mexico, karibu na mpaka. Lakini hao wa New York ndio waliodumu.

Neno walilolitumia kujitangaza lilikuwa fupi, na lafaa litazamwe vizuri, maana ndani yake mna siri yote ya biashara hiyo. Walimwambia msikilizaji: tupe dakika 22, nasi tutakupa dunia. Hawakuomba saa yake, wala jioni yake. Habari zilizungushwa kama gurudumu, hata mtu aliyefungua redio wakati wowote aliweza kungoja kidogo tu, naye akawa amepata yote yaliyo makubwa. Tena nyuma ya sauti ya msomaji wa habari ilisikika sauti ya mashini ya kupokea habari kwa waya, ikigonga tak-tak-tak pasipo kukoma. Sauti hiyo iliendelea kusikika hata baada ya mashini zenyewe kuondolewa katika ofisi za habari. Haikuwa na kazi tena ila moja, nayo ilikuwa kubwa: mtu aliyekuwa akitafuta stesheni kwa kuzungusha kitufe aliitambua mara moja, hata kabla ya kusikia neno lolote.

Haukupita mwaka kabla ya kujaribiwa. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1965, yapata saa kumi na moja na nusu, wakati makarani walipokuwa wakitoka maofisini, taa za New York zilianza kufifia, kisha zikazimika. Chanzo chake kilikuwa mbali sana, katika kituo kimoja cha umeme kule Ontario, Kanada. Chombo kidogo cha kulinda waya kilikata umeme, mzigo wake ukaelemea waya nyingine, nazo zikakatika moja baada ya nyingine mpaka watu wapatao milioni 30 wa Marekani na Kanada wakawa gizani. Mjini New York peke yake, watu wanaokisiwa kuwa 800,000 walikuwa ndani ya magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi, nayo yalisimama papo hapo. Wengine walinaswa katika lifti za majumba marefu. Televisheni zilikuwa vioo vitupu. Watu wengi walidhani kwamba vita vimekuja, na si ajabu, maana katika miaka ile hofu ya bomu la atomiki ilikuwa kila mahali.

Kilichobaki ni redio ndogo za betri na redio za motakaa. Milingoti ya WINS ilikuwa ng'ambo ya mto, mahali paitwapo Lyndhurst katika jimbo la New Jersey, ambako sehemu kubwa haikukatikiwa na umeme, na stesheni hiyo ilikuwa mojawapo ya zile zilizoendelea kusikika. Watu walikusanyika barabarani kuzunguka motakaa iliyofunguliwa milango, wakisikiliza pamoja na watu wasiowajua. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, jambo lililosaidia sana. Jambo walilohitaji kusikia kwanza halikuwa refu: kwamba si vita, ila ni umeme uliokatika. Mji wa watu mamilioni ukitulizwa kwa maneno machache kama hayo, aliyeyasema hasahauliki upesi, na usiku mmoja kama huo hulijulisha jina la stesheni kuliko mabango ya mwaka mzima.

Miaka miwili baadaye WINS ilipata mshindani. Stesheni ya WCBS, yenye namba 880 katika masafa ya kati, ilikuwa imepanga kuanza habari tupu kwa sehemu kubwa ya siku tarehe 28 Agosti 1967. Siku moja tu kabla ya hapo, ndege ndogo iligonga mlingoti wake katika kisiwa cha High Island na kuuangusha. Stesheni ilianza hata hivyo kwa siku iliyopangwa, ikitumia masafa ya dada yake wa FM. Basi stesheni iliyotaka kuwapasha watu habari za misiba ilianza kazi ikiwa yenyewe ni habari.

Hapo ndipo yalipoanza mashindano ya miaka mingi. WCBS iliwazoeza watu kwamba kila dakika inayoishia na namba nane watasikia hali ya barabara na hali ya hewa pamoja. WINS ikachagua dakika zinazoishia na moja. Ni mambo madogo, na mtu wa mbali aweza kuyacheka. Lakini dereva aliyeijua dakika yake hakuwa na haja ya kukumbushwa, na mkono wake ulikwenda kwenye kitufe kile kile kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Siku ya msiba mkono haukuanza kutafuta.

Jambo gumu katika biashara hii ni namna ya kuwahesabu wasikilizaji. Kwa miaka mingi kampuni ya Arbitron ilipeleka vijitabu kwa watu waliochaguliwa, na kila mmoja aliandika kwa muda wa juma moja ni stesheni gani aliyoisikia na kwa saa zipi. Mtu aliyesikiliza kisha akasahau jina, stesheni haikupata kitu. Ndiyo sababu watangazaji walilitaja jina na namba kila mara, hata ikachosha. Hesabu yenyewe ilikuwa ya namna mbili: ni watu wangapi waliopita katika stesheni kwa juma zima, na ni wangapi wanaokuwa wakisikiliza katika kila robo saa. Stesheni ya habari huwa tajiri katika hesabu ya kwanza na maskini katika ya pili, maana watu wake huja wengi lakini hawakai. Stesheni ya muziki huweza kuwa na watu wachache zaidi, lakini ikawashika asubuhi hadi jioni. Na mwenye sabuni ya kuuza hupenda kujua ni wangapi watakaokuwapo wakati tangazo lake likisomwa.

Siku ya msiba mambo hayo hugeuka. Yule wa dakika 22 hukaa saa tano, naye humwita jirani. Hata hivyo, kipimo kilichukua majuma mengi na kuyachanganya, na siku moja kubwa ilipotea humo kama ndoo moja ya maji ndani ya tangi. Tangu mwaka 2008 New York ilipimwa kwa chombo kidogo kinachobebwa mwilini, ambacho husikia alama zilizofichwa katika matangazo, alama ambazo sikio la mtu haliwezi kuzisikia. Kwa chombo hicho kusahau si kosa tena, lakini bado siku moja ni siku moja.

Tarehe 11 Septemba 2001 ilionyesha jambo hilo kwa njia ya kutisha. Mtangazaji wa barabara wa WCBS, Tom Kaminski, alikuwa angani katika helikopta yake, akiwatazamia madereva msongamano wa magari, ndipo alipoona moto na moshi katika mnara wa kaskazini wa World Trade Center. Dakika chache tu baada ya ndege kugonga, sauti yake ilikuwa hewani. Alipelekwa huko kwa ajili ya kazi ya kila siku, kazi ambayo huenda wengine waliiona kuwa ni upuzi. Mnara ule ulipoanguka, mlingoti mkubwa wa televisheni uliokuwa juu yake ulianguka nao, na mafundi sita waliokuwa wakiitunza mitambo walikufa. Stesheni nyingi za televisheni za mjini zikapotea kwa wale waliotumia antena za nyumbani, na baadhi ya redio za FM vile vile. Milingoti ya WINS na WCBS ilikuwa mbali, nazo ziliendelea.

Katika siku zile stesheni nyingi za habari nchini Marekani ziliacha matangazo ya biashara kabisa. Nani angeweza kusoma tangazo la magodoro baada ya majina ya waliopotea? Hivyo, wakati wasikilizaji walipokuwa wengi kupita siku zote, mapato yalikuwa hayapo, na gharama za kazi zilikuwa zimepanda. Hata kujisifu hakuwezekani katika saa hiyo. Stesheni inayopiga kelele kwamba ndiyo iliyokuwa ya kwanza, ilhali watu wanatafuta jamaa zao, huchukiwa, na ni haki ichukiwe.

Umeme ulikatika tena tarehe 14 Agosti 2003, safari hii kwa watu wapatao milioni 50, na redio za betri zikatafutwa upya madukani. Lakini milingoti nayo ina udhaifu wake. Milingoti ya masafa ya kati hupenda ardhi yenye maji, kwa hiyo mingi ya New York imesimamishwa katika mabwawa ya New Jersey. Tufani iliyoitwa Sandy ilipokuja usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012, bahari iliingia humo, na stesheni ya WNYC ilipoteza sauti yake ya masafa ya kati. Msikilizaji mwenye betri zake tayari hakuikuta sauti hiyo, ikambidi aende kwa FM.

Wale washindani wawili walikuwa wamekwisha kuingia mikononi mwa bwana mmoja tangu mwaka 1995, kampuni ya Westinghouse iliponunua CBS, nao walibaki nyumba moja hata mali ilipobadilika wenyewe. Watu wa New York waliendelea kuwasikiliza kama maadui wa jadi. Mwishowe kampuni iitwayo Audacy, iliyokuwa na stesheni zote mbili na madeni mengi, iliomba ulinzi wa mahakama Januari 2024. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, karibu miaka 57 tangu ile ndege ndogo igonge mlingoti, habari za WCBS zilikomeshwa. Masafa yake yalikodishwa kwa watu wa michezo, hata herufi za jina zikabadilishwa. WINS ilibaki, nayo ilikuwa imekwisha kuongezewa masafa ya FM, namba 92.3, tangu mwaka 2022. Asubuhi iliyofuata, dereva aliyezoea kubonyeza 880 ili ajue hali ya madaraja alikuta watu wakibishana juu ya mpira, akabonyeza tena kwenda kuitafuta 1010.