Vipandikizi vya meno: Bei ni ya leo, ubora ni wa miaka 10

KATIKA soko la vifaa vya tiba ya meno, vipandikizi viwili vinaweza kuwa na urefu mmoja, unene mmoja na vyote kutengenezwa kwa madini ya titani, lakini bei zake zikapishana sana. Muuzaji akiulizwa sababu, mara nyingi jibu la kwanza ni uso wa kipandikizi: umekwaruzwa vipi, umechovywa katika asidi gani, na unashikana na mfupa kwa haraka kiasi gani.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kipandikizi ni skrubu ndogo inayofungwa ndani ya mfupa wa taya ili kushika nafasi ya mzizi wa jino lililong'olewa. Anayekinunua hanunui kitu cha msimu mmoja. Anakusudia kukitafunia kwa miaka 20 au zaidi, na kikilegea gharama ya kukitoa na kuweka kingine huwa juu ya ile aliyokwisha kulipa.

Ndiyo maana takwimu za muda mrefu ndizo zinazopaswa kutawala mazungumzo ya bei katika biashara hii.

Ilikoanzia

Biashara hii ina asili yake nchini Sweden. Mwaka 1952 mtafiti Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, aligundua kwamba vifaa vyake vya titani vilikuwa vimeshikana na mfupa kiasi cha kutoweza kutolewa. Mwaka 1965 mgonjwa wa kwanza aliwekewa vipandikizi vya madini hayo. Vilimtumikia hadi alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka 40.

Vipandikizi vya wakati huo vilichongwa kwa mashine tu. Uso wake ulikuwa karibu laini, bila kutiwa dawa yoyote. Taratibu zilimtaka daktari asubiri miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa taya la juu kabla ya kuweka jino juu yake. Ripoti ya miaka 15 iliyochapishwa mwaka 1981 ilionyesha kuwa vilidumu vyema zaidi katika taya la chini, ambalo mfupa wake ni mgumu, kuliko katika taya la juu.

Hapo ndipo viwanda vilipoona mwanya wa biashara. Miezi sita ni muda mrefu kwa mgonjwa asiye na jino, na mfupa laini wa taya la juu ulikuwa ukivunja mahesabu ya madaktari. Aliyeweza kufupisha muda huo na kupunguza hasara hiyo alikuwa na bidhaa ya kuuza.

Nyuso za aina nyingi

Njia ya kwanza iliyoenea ilikuwa kupulizia chembe za titani zilizoyeyushwa kwa joto kali, hadi kipandikizi kikapata uso wenye mikwaruzo mikubwa. Nyingine ilikuwa kukipaka madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Katika miaka ya 1980 vipandikizi vya kupakwa vilipendwa sana, kwa kuwa vilishika mfupa mapema na matokeo ya miaka ya mwanzo yalikuwa mazuri. Baadaye ilibainika kwamba kwa baadhi ya bidhaa utando huo uliyeyuka au kubanduka, na vipandikizi vilivyoanza vizuri vikaanza kupoteza mfupa.

Somo hilo liliwagharimu wagonjwa na wauzaji pia. Takwimu ya mwaka mmoja ilikuwa sahihi, lakini haikuwa imesema lolote kuhusu mwaka wa nane.

Tangu hapo viwanda vikubwa vimeelekea kwenye uso wa mikwaruzo ya wastani, wenye vimo vya takriban mikroni moja hadi mbili. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kampuni ya Straumann ya Uswisi ilitumia njia ya kupiga titani kwa chembe ngumu, kisha kuitia katika asidi. Kampuni ya Nobel Biocare ilileta mwaka 2000 uso uliotengenezwa kwa kupitisha umeme ndani ya kimiminika, ili kunenepesha utando wa oksidi ulio juu ya titani.

Faida yake inaeleweka. Mikwaruzo hiyo huwapa seli za mfupa mahali pa kushika, damu huganda vizuri juu yake, na mfupa mpya huanza kujengwa kwenye uso wenyewe. Kwa uso wa Straumann muda wa kusubiri ulishuka hadi wiki sita kwa mgonjwa mwenye mfupa mzuri.

Takwimu zinasemaje?

Moja ya taarifa zinazotajwa sana sokoni ilichapishwa mwaka 2012 kutoka Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Wagonjwa 303 wenye vipandikizi 511 vya uso huo walichunguzwa baada ya miaka 10. Vipandikizi sita tu vilikuwa vimepotea, sawa na asilimia 1.2. Hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Hata hivyo, taarifa hiyo hiyo inatofautisha mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya. Vilivyobaki mdomoni vilikuwa asilimia 98.8, lakini vilivyohesabiwa kuwa vimefaulu vilikuwa asilimia 97. Viwili vilikuwa vikitoa usaha siku ya uchunguzi, na saba viliwahi kushambuliwa na maambukizi ingawa vilikwisha kupona. Kipandikizi kinaweza kuwapo lakini kisiwe kizima.

Matokeo ya Bern yametoka kwa wataalamu wa chuo kikuu, waliochagua wagonjwa wao kwa uangalifu. Picha ya mitaani ilitolewa na watafiti wa Sweden, waliochukua wagonjwa kwa kubahatisha kutoka katika daftari la bima ya taifa, wakiwa wametibiwa na madaktari mbalimbali kwa bidhaa mbalimbali. Karibu wagonjwa 600 walichunguzwa miaka tisa baada ya tiba, na taarifa zikachapishwa mwaka 2015 na 2016.

Humo ilionekana kwamba asilimia 7.6 ya wagonjwa walikuwa wamepoteza angalau kipandikizi kimoja. Asilimia 14.5 walikuwa na maambukizi ya kiwango cha kati au kikali, yaani fizi inayotoa damu au usaha pamoja na mfupa uliopungua kwa zaidi ya milimita mbili.

Mfanyabiashara azingatie kwamba Bern ilihesabu vipandikizi, na takwimu hizi za Sweden zimehesabu watu. Mtu mwenye vipandikizi vinne akipoteza kimoja, hesabu ya vipandikizi husema robo, lakini hesabu ya watu humweka mzima katika kundi la waliopata hasara. Kulinganisha namba hizo bila kuangalia kilichohesabiwa ni sawa na kulinganisha bei ya gunia na bei ya debe.

Upande wa pili wa mikwaruzo

Mikwaruzo inayovuta mfupa huvuta pia vijidudu. Wakati uso umefunikwa na mfupa hakuna tatizo. Mfupa ukishuka na uso ukabaki wazi chini ya fizi, utando wa uchafu hujificha humo na ni vigumu kuusafisha. Majaribio kwa mbwa yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba ugonjwa uliokwisha kuanza uliendelea kwa kasi zaidi penye uso wa mikwaruzo kuliko penye uso uliosuguliwa.

Kwa binadamu picha si mbaya kiasi hicho. Uchambuzi wa tafiti za miaka 10 na zaidi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kwa nyuso za aina zote kuu, za kuchongwa kwa mashine zikiwamo, upungufu wa mfupa kwa wastani ulikuwa chini ya milimita mbili. Baadhi ya viwanda vimejibu hofu hiyo kwa kutengeneza kipandikizi chenye mikwaruzo chini na shingo laini juu.

Kinachojitokeza ni kwamba uso mzuri husaidia zaidi mwanzoni, hasa penye mfupa laini au penye haja ya kuharakisha. Baada ya hapo mambo mengine hushika usukani. Katika taarifa za Sweden, waliowahi kuugua ugonjwa wa fizi walipata matatizo zaidi, na wavutaji wa sigara walipoteza vipandikizi zaidi. Aina ya bidhaa nayo ilionekana kuchangia.

Hali ya soko

Viwanda vimeendelea kuunganishwa. Straumann iliyoingia katika soko la hisa la Uswisi mwaka 1998 ilinunua sehemu ya kampuni ya Neodent ya Brazil mwaka 2012, ikaichukua yote mwaka 2015, na hivyo kupata bidhaa ya bei nafuu. Nobel Biocare ilinunuliwa na Danaher ya Marekani mwaka 2014. Wakati huo huo watengenezaji wadogo wa nchi nyingi wanauza vipandikizi vinavyodaiwa kuwa na uso "wa aina ile ile".

Dai hilo lahitaji tahadhari. Kupiga chembe na kutia asidi ni njia ya jumla, na matokeo hutegemea ukubwa wa chembe, nguvu ya asidi, muda, joto na usafi wa mwisho. Miaka 10 ya Bern ni ya kiwanda kimoja. Haiwezi kuazimwa na kingine kwa sababu ya kufanana kwa jina.

Mnunuzi, awe ni kliniki au mgonjwa, anashauriwa kuuliza mambo manne kabla ya kulipa. Je, bidhaa hii yenyewe ina takwimu za miaka 10? Takwimu hizo zimehesabu vilivyobaki au vilivyofaulu? Kama kiwanda kitafungwa au kununuliwa, vipuri vya skrubu na vya jino la juu vitapatikana wapi? Na nani atasafisha na kukagua kipandikizi kila mwaka?

Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi na anayefuata tiba nchi ya mbali. Hurudi nyumbani na risiti, pengine bila hata kadi inayotaja jina na ukubwa wa kipandikizi. Kadi hiyo ihifadhiwe kama hati ya nyumba. Bila kadi hiyo, daktari wa mwaka wa 10 hatajua ni bisibisi gani inayofungua skrubu iliyo mbele yake.