Sato wako hawakui? Hesabu majike kabla ya kulaumu chakula

Wiki hii nimepokea maswali mengi yanayofanana: "Afisa, nimelisha miezi saba, maji ni mazuri, mbona samaki wangu bado ni wa kukaanga wawili wawili?" Leo nataka tulimalize hili jambo. Mara nyingi tatizo halipo kwenye chakula. Tatizo ni kwamba madume na majike wamewekwa pamoja ovyo, na hakuna samaki mwingine wa kupunguza watoto.

Kwa nini bwawa linajaa samaki wadogo

Sato huanza kuzaa mapema sana. Kwenye bwawa, hasa lililobanana, anaweza kuanza akiwa na miezi mitatu tu hivi, hata hajafika gramu 100. Dume huchimba shimo la duara kwenye tope, jike anataga humo, halafu anayachukua mayai yote na kuyaatamia mdomoni. Atakaa nayo, na baadaye na watoto, kwa takriban siku 10 hadi 14. Muda wote huo hali, au anakula kidogo mno. Maji yakiwa ya joto, baada ya wiki 4 hadi 6 anarudia tena.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Nguvu ya jike inaishia kwenye mayai, ndiyo maana dume humpita kwa ukuaji. Na kila uzao unaleta mamia ya watoto wanaogombania chakula kilekile unachonunua. Ulipandikiza samaki 600, baada ya miezi michache unalisha maelfu. Ukiongeza chakula, unawalisha wajukuu.

Kuna mfugaji mmoja katika kata ninayohudumia ambaye alikuwa ameamua kufukia bwawa kabisa. Tulipovuta wavu, tukakuta wakubwa wachache na rundo la samaki wa ukubwa wa vidole. Alikuwa amelisha vizuri tu. Kosa lilianzia siku ya kupandikiza.

Namna ya kutofautisha dume na jike kwa mkono

Kazi hii subiri vifaranga wafike gramu 30 hadi 50. Wakiwa wadogo zaidi ya hapo utabahatisha. Kwa hiyo uwakuze kwanza kwenye bwawa dogo au kizimba cha nyavu, kisha fanya hivi:

1. Usiwalishe siku moja kabla, na fanya kazi asubuhi wakati maji ni ya baridi.
2. Andaa ndoo tatu zenye maji safi ya bwawani: ya madume, ya majike na ya wenye utata.
3. Lowesha mikono. Mkono mkavu unamtoa samaki ute unaomkinga na magonjwa.
4. Mgeuze samaki tumbo juu, kichwa kikiwa kwenye kiganja chako.
5. Angalia sehemu iliyo kati ya tumbo na pezi la chini. Utaona kwanza tundu la haja kubwa, na nyuma yake kinundu kidogo cha nyama.
6. Dume: kinundu kimechongoka na kina tundu moja tu kwenye ncha, linalopitisha mkojo na mbegu. Ukijumlisha na la haja kubwa, ana matundu mawili.
7. Jike: kinundu ni kipana, cha mviringo kidogo. Katikati kina ufa mdogo uliokatiza, ndipo mayai yanapotokea, na kwenye ncha kuna tundu dogo la mkojo. Jumla ana matundu matatu.

Ukishindwa kuuona ule ufa, chovya kijiti cha pamba kwenye rangi ya chakula na upake taratibu. Rangi inaingia kwenye ufa na unaonekana. Tafadhali usitumie ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Haifai kwa samaki wa kuliwa.

Samaki wenye wekundu kooni na kwenye mapezi mara nyingi ni madume waliokomaa, lakini usitegemee rangi peke yake. Dume mnyonge huwa amefifia kama jike.

Kanuni yangu ni moja: ukiwa na shaka, mhesabu ni jike. Dume mmoja akiingia ndoo ya majike umepoteza samaki mmoja. Majike wachache wakiingia bwawa la madume, umerudi ulikotoka.

Vipi kuhusu vifaranga wa jinsia moja?

Vituo vingi vya kuzalisha vifaranga huuza madume watupu. Hupatikana kwa kuwalisha watoto wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne tangu waanze kula. Hiyo ni kazi ya kituo chenye wataalamu, usiijaribu nyumbani. Nunua, lakini usinunue kwa kuamini tu: wakifika gramu 30, kamata samaki 50 uwakague kwa njia ile ile. Ukikuta majike wengi, unayo hoja ya kumrudia aliyekuuzia.

Wapo pia wanaoniuliza kuhusu kuchanganya aina mbili za perege ili wapate madume. Jambo hilo ni la kweli na lina mkono wa pwani yetu: mtaalamu C. F. Hickling, akiwa Malacca, alichapisha mwaka 1960 matokeo ya kupandisha dume wa perege kutoka Zanzibar na jike wa perege wa Msumbiji, na watoto wakawa madume. Lakini inahitaji wazazi safi wasio na mchanganyiko. Kwa mfugaji wa kawaida, kuchanganya perege wa mtoni na sato bwawa moja kunaharibu mbegu tu, na wakitorokea mtoni wanaharibu na wale wa asili.

Mwenzake wa bwawa ni nani?

*Kambare* ndiye mwenza ninayemshauri. Anakula watoto wa sato, na si rahisi azaliane kwenye maji yaliyotulia. Ukimweka, hata majike uliowakosea kwenye ukaguzi hawatakuletea balaa kubwa. Ila ana masharti:

- Aingie akiwa mdogo kuliko sato. Sato wakiwa na gramu 30 hadi 50, kambare awe na gramu 5 hadi 10. Ukigeuza hilo, ataanza na sato wako.
- Idadi iwe kambare 1 kwa kila sato 10 hadi 20.
- Wawe wa umri mmoja, maana wanalana wenyewe kwa wenyewe.
- Kila mwezi unapopima uzito, toa kambare yeyote aliyewazidi wenzake kupita kiasi.
- Zungushia bwawa wavu. Usiku wa mvua kambare hutoka na kutambaa kwenye majani.

*Sangara* usimweke kabisa. Anakula samaki wakubwa, na atakuachia maji matupu.

Mfano wa hesabu

Bwawa la mita 10 kwa 20 lina mita za mraba 200. Kwa sato 3 kila mita, unahitaji madume 600. Kama unachagua kwa mkono, anza na vifaranga 1,400: ukipoteza asilimia 10 wanabaki 1,260, na nusu yao ni 630. Kambare weka 30 hadi 60. Majike usiwatupe. Ni kitoweo, au wauze kwa anayetaka wazazi.

Na kama tayari bwawa lako limejaa wadogo, usiendelee kulisha ukisubiri muujiza. Vuna wote, uza wanaouzika, kausha bwawa mpaka tope lipasuke ili kusibaki hata mtoto mmoja, kisha anza upya kwa mpangilio huu.

Kwa wiki hii nakuachia kazi moja: kesho asubuhi pita ukingoni mwa bwawa kabla ya kulisha. Ukiona makundi ya watoto wadogo wakiogelea pembezoni, ujue majike wamo. Karibu uulize maswali hapo chini, nami nitajibu.