Gari Likikataa Kuwaka: Msing'oe Stata Kwanza

Ndugu wanakikundi, hapa Bisil pikapu ya kikundi ikikataa kuwaka asubuhi ya soko, mbuzi wamekwisha kupakiwa, hakosi mtu wa kusema, "Stata imekufa!" Basi fundi anaitwa kutoka Kajiado, stata inang'olewa, pesa za kikundi zinatoka. Kumbe ni betri tu. Na kama anayengoja ni mama mjamzito usiku, hasara si ya pesa tena.

Chunguzeni hivi. Gari liwe nyutro, hendibreki imevutwa. Mmoja awashe taa kubwa na kuzungusha ufunguo. Mwingine asimame mbele, atazame na kusikiliza.

1. Taa zikififia sana au kuzimika, au mkisikia ka-ka-ka-ka: betri imeisha nguvu, au vichwa vyake vimelegea au vina uchafu.

2. Taa hazififii, na hakuna sauti yoyote: umeme haufiki kwenye stata. Tazameni fyuzi, swichi ya ufunguo, na ule waya mwembamba unaoingia kwenye stata.

3. Taa hazififii, mnasikia "tak!" moja tu: hapo stata yenyewe inashukiwa. Igongeni polepole kwa mpini wa nyundo huku mwenzenu akizungusha ufunguo. Ikiwaka, yaelekea brashi za ndani zimekwisha. Mpelekeeni fundi siku hiyo hiyo, maana haitawaka hivyo siku zote.

4. Stata yazunguka kwa mlio lakini injini haigeuki: meno yake hayashiki. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kusafisha vichwa vya betri tunaweza wenyewe. Fungueni waya wa hasi kwanza, na mrudishe huo mwisho. Sugueni kwa maji moto yenye magadi, haya haya ya kwetu Kajiado, kwani magadi huua asidi. Yasiingie ndani ya betri. Kausheni, kazeni, pakeni grisi. Sigara na moto vikae mbali: hewa ya betri hulipuka. Asidi ikigusa macho, yaosheni kwa maji mengi na mwende hospitali.

Msishike ufunguo zaidi ya sekunde 10. Pumzisheni stata dakika moja au mbili. Na gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Jadilianeni: Ni nani katika kikundi chetu atakayekagua betri kila wiki? Pikapu ikikataa usiku, tumwite nani mwenye gari?